Nduthi ya kwanza: Hesabu umeme kabla ya kuhesabu taa

KWA vijana wengi wa Mji wa Kale, pikipiki ya kwanza haitoki dukani ikiwa na nailoni kwenye kiti. Huja kwa mkono wa pili, mara nyingine wa tatu au wa nne, baada ya miezi ya kubana matumizi, kuchezeana mchezo wa pesa na wenzako wa maskani, na kumwomba mjomba aongezee kilichopungua.

Ikishafika, hata wiki haiishi kabla orodha nyingine haijaanza: spotlaiti mbili za mbele, honi ya kishindo, chaja ya simu, alamu, na kama ganji imebaki, taa za rangi chini ya tangi ili ionekane imewaka kuanzia Kibokoni mpaka Mnazi Mmoja.

Hapo ndipo nduthi nyingi nzuri huharibikia. Injini bado nzima, tairi bado zina meno, lakini asubuhi ukibonyeza stata unasikia "tik" na kimya. Fundi anabadilisha betri. Baada ya miezi miwili, "tik" tena. Umenunua chombo kikupe kazi, sasa chenyewe ndicho kinakupa kazi.

Ukweli ni kwamba pikipiki ndogo ina umeme wa kuhesabu, kama mshahara. Ukiujua kiasi chake utaishi nayo vizuri. Usipoujua, utakopa kwenye betri kila siku mpaka siku itakapokataa. Na kwa sisi wa kisiwani, tuliozungukwa na bahari, hesabu hii ina mkopeshaji wa pili: chumvi.

Zimetoka wapi nduthi zote hizi?

Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya CC 250. Bei zikashuka, na Boxer, TVS na ndugu zao wakamwagika barabarani. Wengi waliozinunua waliziingiza kwenye bodaboda, kazi inayoanza alfajiri na kuisha usiku. Ndiyo maana leo ukitafuta pikipiki iliyotumika, nyingi unazoonyeshwa zimeshabeba abiria, magunia, mitungi ya gesi na mikungu ya ndizi.

Hilo peke yake si kosa. Pikipiki ya bodaboda iliyotunzwa inaweza kuwa bora kuliko ya mtu aliyeiacha uani miaka miwili ikinyeshewa. Lakini kumbuka wahenga walivyosema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nduthi inayoletwa mpaka mlangoni kwako, bei inashuka kila ukinyamaza, na muuzaji anataka pesa kabla ya magharibi, iulize maswali zaidi.

Karatasi kwanza, moto baadaye

Kabla hujapiga kiki hata moja, omba logibuku. Halafu usiiamini kwa macho tu. Kupitia eCitizen unaweza kutafuta rekodi ya chombo katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Barabarani, NTSA, na kuona imesajiliwa kwa jina la nani. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Kisha inama usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma karibu na usukani, na namba ya injini. Zote mbili zifanane na rekodi. Namba iliyokwanguliwa, iliyopakwa rangi nzito au iliyogongwa upya kwa mkono ni sababu tosha ya kurudi nyumbani na pesa zako.

Angalia pia kama rekodi ina jina la benki au kampuni ya mikopo kando ya jina la mwenyewe. Nduthi nyingi hununuliwa kwa mkopo. Mtu akikuuzia kabla hajamaliza kulipa, mkopeshaji hatakujua wewe. Atakachokijua ni pikipiki yake, na ataifuata popote ilipo.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe unaukubali kwenye yako. Fanyeni jambo hili mkiwa mmekaa pamoja, kabla pesa yote haijatoka. "Tutabadilisha tu baadaye, bro" si mpango. Sheria ya Trafiki inataka chombo kilichouzwa kisiendeshwe zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Andikianeni mkataba mfupi wenye tarehe, bei, namba za chombo na shahidi wa kila upande.

Na bajeti? Ukiwa na Sh100,000, pikipiki yako si ya Sh100,000. Ondoa ada ya uhamisho, bima ambayo sheria inataka angalau ya kumlinda mtu wa tatu, leseni kama huna, kofia mbili nzuri na jaketi za kuakisi mwanga, maana sheria inazitaka kwako na kwa abiria wako. Weka na akiba ya matengenezo ya mwezi wa kwanza. Kitakachobaki ndicho cha kuingia nacho sokoni.

Ikague ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ya moto, huenda imewashwa mapema ili usione shida yake ya asubuhi. Iwashe mwenyewe, kwa stata na kwa kiki, na utazame moshi. Moshi wa samawati usioisha una maana kwamba injini inachoma oili, na gharama ya pistoni na ringi iko njiani. Tikisa gurudumu la nyuma kando kwa kando, vuta cheni, bonyeza shokomzoba za mbele uone kama zinavuja, zungusha usukani uone kama unakwama katikati.

Wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huishia hapo. Wachache humwomba muuzaji afungue kiti, ilhali chini ya kiti ndiko siri iliko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukifungua kiti, tafuta mambo matatu. La kwanza ni uzi wa waya. Waya za kiwandani hukaa zimefungwa pamoja, rangi zake zinaeleweka na viungio vyake vya plastiki vinabana. Ukiona mafungu ya tepu nyeusi yanayonata, waya zilizosokotwa kwa vidole, au waya nyekundu inayokwenda isikojulikana, unanunua pia vifaa vya mtu aliyekutangulia. Huenda aling'oa spotlaiti zake akaacha waya zake ndani, ncha ziko wazi.

La pili ni fyuzi. Itoe uitazame. Si ajabu kukuta imezungushiwa uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwa sababu ilikuwa inakatika kila mara. Fyuzi ikikatika inakwambia kuna hitilafu mahali. Anayeizibia njia ameinyamazisha tu, hitilafu bado iko pale pale, karibu na tangi la petroli.

La tatu ni betri. Hapa nenda na mita ya kupimia umeme, ile ndogo yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12 imeishiwa, au imechoka. Sasa iwashe, ongeza mafuta kiasi, usome tena. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki pale pale ilipokuwa, magneto au regileta haichaji. Ikipita 15, regileta haizuii, na umeme huo utaunguza balbu na kupika betri. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, nacho kinaweza kukupa sababu ya kupunguziwa bei au ya kuondoka.

Mshahara wa umeme

Tuseme sasa imekuwa yako, na vidole vinakuwasha kuipamba. Shika kalamu kwanza.

Umeme wa pikipiki huzalishwa na magneto iliyo kando ya injini. Injini ikienda kasi, umeme ni mwingi. Ikisimama kwenye foleni ya Digo Road ikipumua polepole, umeme ni haba. Betri ni akiba ya kuwashia stata na kuziba pengo dogo. Haikutengenezwa kulisha sherehe.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la shule: gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Chukua mfano wa spotlaiti mbili za LED, kila moja wati 20 za kweli. Jumla ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata takriban ampea 3.3. Chaja ya USB ya simu ikifanya kazi kwa nguvu inakula karibu ampea 1. Taa za urembo za wati 6 zinakula nusu ampea. Umefika 4.8. Taa kubwa ya mbele ya wati 35 pamoja na ya nyuma ya wati 5 zinaongeza 3.3. Sasa unadai zaidi ya ampea 8, karibu wati 100, kwenye chombo kilichobuniwa kubeba taa zake chenyewe na kubakiza kidogo cha kuchaji.

Tuseme kwenye foleni magneto inakuwa nyuma kwa ampea 3. Betri yako ni ya ampea-saa 5. Kwa karatasi itaisha chini ya saa mbili. Kwa vitendo stata itagoma mapema zaidi, kwa sababu inahitaji umeme mwingi kwa mara moja.

Kwa hiyo kabla na baada ya kufunga chochote, rudia kile kipimo cha mita huku kila kitu kimewashwa. Kama injini inazunguka kwa mwendo wa kawaida na betri bado inasoma zaidi ya 13, mambo poa. Ikishuka chini ya hapo, unakula akiba. Zima kitu kimoja kimoja mpaka ujue ni kipi kinachokuzidi.

Alamu nayo ina hesabu yake, kwa sababu hailali. Alamu inayokula miliampea 20 tu, kwa siku nzima inakula karibu nusu ampea-saa. Acha nduthi yenye betri ya 5 isimame bila kuwashwa, na kwa siku kumi hesabu inakwambia betri ni tupu. Stata haitasubiri siku zote hizo. Kama unasafiri kwenda Lamu kwa wiki mbili, toa waya hasi ya betri kabla hujaondoka.

Kuna mtego mmoja zaidi. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, hasa za zamani, taa ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na magneto, kwa umeme unaopanda na kushuka. Utaijua hivi: ukiongeza mafuta taa inang'aa, ukipunguza inafifia. Usiunganishe LED kwenye waya ya taa ya aina hiyo. Itapepesa kama taa ya disko, kisha itaungua. Ichukulie umeme kwenye betri.

Kufunga kwa adabu

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake. Atakuuliza taa ni za wati ngapi kabla hajakata waya. Ukimwona anachomeka spotlaiti kwenye waya ya honi "kwa sababu iko karibu", mshike mkono.

Njia iliyo salama haina ushirikina. Waya inatoka kwenye chanya ya betri na, kabla haijaenda mbali, inapita kwenye fyuzi yake yenyewe. Kwa mzigo wa ampea 3.3, fyuzi ya 5 inatosha. Kuweka ya 20 "ili isikatike" ni kusema waya iungue kabla ya fyuzi. Waya nayo iwe nene ya kubeba zaidi ya fyuzi inavyoruhusu, tena ya shaba halisi, si ile nyembamba ya spika.

Baada ya fyuzi weka relei, kile kijisanduku cheusi chenye miguu yenye namba. Umeme wa betri unaingia mguu wa 30 na kutoka 87 kwenda kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya kuiamrisha: mmoja unatoka kwenye swichi yako, mwingine unaingia kwenye chuma cha chombo. Hivyo swichi ndogo ya usukani inabeba umeme mdogo tu, na mzigo mzito unapita kwenye relei. Swichi yenyewe ichukue umeme unaokatika ukitoa ufunguo. Chaja ya simu pia. Ukizima nduthi, kila kitu kizime isipokuwa alamu.

Waya hasi ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kuifunga kwenye boliti iliyopakwa rangi ni sawa na kutoifunga. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ikaze, kisha ipake mafuta ya mgando. Taa inayofifia bila sababu, indiketa zinazopepesa pamoja na breki, mara nyingi ni waya hasi iliyolegea au iliyoota kutu.

Chumvi haina likizo

Hapo ndipo Mombasa inapotofautiana na Nairobi. Tazama nondo za madirisha yanayoelekea bandari ya zamani, au mizinga ya chuma pale Fort Jesus, uone hewa ya bahari inavyokula chuma. Waya zako zinapumua hewa hiyo hiyo usiku na mchana, kaskazi na kusi. Kiungio kilichosokotwa na kufunikwa tepu hushika unyevu, shaba inageuka kijani, na umeme unapita kwa shida huku kiungio kikipata joto.

Kwa hiyo kwetu kiungio kizuri hutiwa solda au hubanwa kwa kifungio chake cha chuma, halafu kinafunikwa na mpira unaojikaza kwa moto. Vichwa vya betri vipakwe mafuta ya mgando. Na kuna tabia moja ya kuacha: kuosha nduthi kwa maji ya kisima yenye chumvi na kuiacha ikauke juani. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi. Ikiwa ni hayo uliyo nayo, malizia na ndoo ya maji matamu, hasa chini ya kiti na nyuma ya taa.

Jirani naye ana haki

Vichochoro vya Mji wa Kale vilijengwa kwa miguu ya watu na punda. Nduthi inapita, lakini inapita karibu na bega la mzee aliyekaa barazani na mtoto anayetoka chuoni na juzuu mkononi. Spotlaiti iliyoelekezwa juu haikuonyeshi njia vizuri zaidi, inampofusha anayekuja. Ielekeze chini, na ukiingia mitaani izime. Honi ya lori kati ya kuta mbili za mawe ni kofi la sikio. Taa nyekundu inayotazama mbele na za buluu kama za polisi zitakupatia kesi kabla hazijakupatia sifa.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi sana. Usiku nduthi zetu hulala vichochoroni, zimeegemea kuta, hatua mbili kutoka mlango wa mbao. Nyumba nyingi za mtaani ni za mawe kwa nje, lakini dari zake zimebebwa na boriti, na ngazi na roshani ni mbao. Gari la zimamoto haliwezi kupenya kila kichochoro. Waya isiyo na fyuzi inayopita chini ya tangi la petroli, mbele ya mlango wa bibi yako, haitakuwa shida yako peke yako.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza, usiongeze kitu. Iendeshe kama ilivyo, ya kuaminika na isiyo na mbwembwe. Badilisha oili, kaza cheni, futa vichwa vya betri, ondoa waya zote zisizo na kazi ulizorithi. Kama unapeleka mizigo Nyali na Bamburi mpaka usiku, utagundua unahitaji mwanga na chaja ya simu. Kama unaenda chuo na kurudi mchana, huenda utagundua unachohitaji ni alamu na kufuli zuri. Orodha yako itakuwa fupi kuliko ile ya maskani, na betri yako itaamka nawe kila asubuhi.